Tembo wangu wa taulo anaanguka kifudifudi kila mara. Nakosea wapi?

Goti_la_Plasta

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, na tafadhali msinicheke kabla hamjafika mwisho.

Mwezi uliopita nilivunjika mguu. Niliteleza bafuni, yaani hata sababu yenyewe haina heshima. Tangu hapo niko ndani na plasta inayopita goti. Wiki ya kwanza nilimaliza kila kitu kilichopo kwenye simu. Wiki ya pili nikakutana na video ya mtu anakunja taulo, kunja hapa, viringisha pale, dakika mbili hazijaisha tembo amesimama kwa miguu minne kama anasubiri kupigwa picha. Nikasema hii ndiyo kazi yangu. Ni ya kukaa, mikono ninayo, mataulo yapo kabatini. Nikaanza.

Leo ni siku ya kumi na moja. Batamaji nimeshamweza, kwa kiwango cha mtu kumtambua bila kuambiwa. Tembo ndiye amenishinda. Mwili unasimama vizuri tu. Kichwa nacho kinatoka, kina mkonga na masikio. Nikishakiweka kwenye mwili, tembo anatulia kama sekunde tatu, halafu anaanza kuinama taratibu, kama mzee anayesinzia kikaoni, mpaka paji la uso linagusa godoro na makalio yanabaki juu. Kila mara hivyo hivyo. Jana nilihesabu, mara tisa.

Natumia mataulo mawili ya kuogea yanayolingana, mapya, mazito, laini kama manyoya ya paka. Mke wangu huyafua kwa dawa ya kulainisha, yananukia hadi raha. Kazi naifanyia kitandani kwa sababu ndipo ninapoishi siku hizi.

Nimejaribu kukaza mikunjo. Nimejaribu kurudisha kichwa nyuma kidogo. Nimejaribu kumwegemeza kwenye mto, lakini huyo si tembo tena, ni mgonjwa mwenzangu.

Nakosea wapi? Na nyie wenye uzoefu, mlianza na mnyama gani kabla ya kufika kwa tembo? Natanguliza shukrani.

---

Njia_ya_Mkato

Mkuu usijitese. Pini mbili, moja kila upande wa shingo, tembo hatikisiki hadi mwaka upite. Mimi macho nayabandika kwa gundi ya moto kabisa. Mgeni akija anadhani nimenunua.

---

Bi_Mashuka

Mwanangu, pole na mguu. Na huo mto urudishe chini ya mguu, tembo ana miguu yake.

Nimefanya kazi ya vyumba hotelini miaka kumi na sita, vyumba kumi na vinne kwa zamu moja, na wanyama wa taulo nimewakunja mpaka nikawa nawaota. Siku hizi nakunja kwa raha zangu, jioni, hakuna supavaiza anayetazama saa. Kwa hiyo nisikilize mimi kwanza. Huyo wa pini nitamrudia.

Jibu umeliandika mwenyewe ndani ya swali lako, tena mara tatu.

Umesema mataulo mawili yanayolingana. Tembo gani huyo ambaye kichwa chake kina uzito sawa na kiwiliwili? Mwili ni taulo la kuogea, lile la karibu sentimita 70 kwa 140. Kichwa ni taulo la mikono. La 50 kwa 100 linafaa, hilo ni kama nusu ya lile kubwa. Mimi napenda la 50 kwa 70, ambalo linazidi theluthi kidogo tu. Wewe umempa kichwa cha taulo zima, halafu kichwa chenyewe kinaning'inia mbele ya miguu ya mbele. Afanye nini zaidi ya kuanguka?

Halafu umesema mazito. Taulo zito ni zuri ukitoka kuoga, kwenye kukunja ni mzigo. Ukiliviringisha linavimba, linataka kufunguka, na ukilikunja mara mbili mgongo unakuwa kama gunia. Angalia kitambulisho kilichoshonwa pembeni au karatasi lililokuja nalo, mengine huandikwa gramu kwa mita ya mraba. Kuanzia 400 hadi 500 na kitu ndipo pazuri. Ukipita 600 unapigana nalo. Ukishuka chini ya 350, yale mepesi ya mazoezi, utakunja haraka lakini shingo ya batamaji italegea kabla hujageuka kutafuta simu upige picha. Kama hakuna maandishi, viringisha pembe ya taulo kwa vidole uone. Ikitoka nene kuliko kidole gumba chako baada ya mizunguko mitatu, liache likaogee watu.

La tatu ndilo linaloniuma, dawa ya kulainisha. Taulo lina vitanzi vidogo vidogo pande zote mbili, vipapase utavisikia. Ukilikunja, kitanzi cha huku kinang'ang'ania kitanzi cha kule, na hicho ndicho kinachomshikilia mnyama. Hakuna kingine. Sasa ile dawa inaacha utando juu ya nyuzi. Ndiyo maana taulo linateleza mkononi kama samaki, na ndiyo maana pia halinyonyi maji kama zamani, muulize mkeo kama hajaliona hilo. Fua mara mbili tatu bila dawa, anika kwenye kamba, lisikauke kwenye mashine. Litakuja kakamavu kidogo, linakwaruza. Hilo ndilo taulo la tembo. Ila likauke kweli. Taulo lenye unyevu usilikunje ukaliacha hivyo, ndani ya mkunjo linaanza kunuka uvundo siku ya pili.

Haya, mwili. Tandaza taulo la kuogea, urefu uende kushoto na kulia. Kunja kila ncha kuelekea katikati, kama sentimita 30 kila upande. Hapo katikati patabaki nafasi ya sentimita 20 hivi yenye tabaka moja tu. Usiiguse hiyo nafasi, ndiyo mgongo, ndipo atakapopinda. Watu wengi wanakunja mpaka ncha zinagusana katikati, halafu wanashangaa mgongo unakataa kupinda na miguu inatanuka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi.

Kisha viringisha. Anza na upande mrefu ulio karibu nawe, viringisha kwenda katikati, halafu upande wa pili nao uje ukutane nao. Yatakuja mabomba mawili yamelala sambamba. Hapa ndipo mkono unapojulikana. Usiviringishe kwa viganja kama unaukunja mkeka. Tumia ncha za vidole, vyote kumi, umevitandaza kwa urefu wote wa taulo, na kila mzunguko mmoja vuta kidogo kuja kwako kabla ya kwenda mbele. Vuta, sukuma. Vuta, sukuma. Bomba likiwa sawa ukilibonyeza katikati linarudisha kidole. Lisiporudisha, fungua uanze upya, usijidanganye kwamba litajirekebisha.

Mabomba yakikutana, likunje lote katikati kwa ule mgongo, mabomba yawe ndani, sehemu laini iwe nje. Msimamishe. Miguu minne hiyo, na amesimama kimo cha sentimita 40 pungufu kidogo.

Kichwa. Taulo la mikono, upande mrefu uwe juu. Leta pembe mbili za juu katikati, kama unaanza ndege ya karatasi. Una ncha sasa. Viringisha kila upande kimshazari, kwa nguvu zaidi ya ulivyofanya kwenye mwili, mpaka mikunjo miwili ikutane katikati. Ile ncha ndiyo mkonga, ipinde iangalie juu. Huku nyuma upande mpana umebaki wazi, una matabaka. Rudisha tabaka la juu, tanua pembe zake kulia na kushoto, masikio hayo. Usiyanyooshe sana kama bango. Tembo masikio yake yamelegea kidogo.

Na sasa neno la mwisho kuhusu kichwa, lishike sana. Wewe umeandika unakiweka "kwenye mwili", nadhani unakipachika mbele. Kichwa cha tembo wa taulo hakipachikwi, kinaketi. Sehemu ya nyuma ya kichwa ilale juu ya mgongo, theluthi nzima ya kichwa iwe nyuma ya miguu ya mbele. Ukikitazama kwa pembeni ni kama mtu aliyevaa kofia akaisukuma nyuma. Ukidhani umekirudisha vya kutosha, rudisha tena vidole viwili.

Sasa wewe wa pini, Njia_ya_Mkato. Mwaka wangu wa pili kazini niliwahi kumbana sungura sikio kwa pini, moja tu, ndogo, kwa sababu nilikuwa na haraka na sikio lilikuwa haliniheshimu. Nikamweka kitandani nikaenda zangu. Mgeni aliporudi akamchukua sungura, akamkung'uta, akaenda kunawa, akajifuta uso. Nadhani unaona habari inapoelekea. Alipata mchubuko shavuni, si mkubwa, na hakunisema hata kidogo, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kuliko kunisema. Alinirudishia ile pini imefungwa ndani ya tishu, kama mtu anayerudisha hereni iliyookotwa.

Tangu siku hiyo sina pini. Mtu avute pembe moja tu, tembo aishe, mkononi libaki taulo kavu, safi, tayari kwa kazi yake. Ukishaweka gundi ya moto hujakunja taulo, umetengeneza mwanasesere. Macho nilikuwa nakata duara za karatasi nyeusi nazipachika ndani ya mkunjo. Au nachukua miwani ya jua aliyoiacha mgeni mezani namvalisha mnyama, hiyo haijawahi kukataa kuchekesha.

Umeuliza kuanza na nani. Si tembo. Anza na ule mkunjo wa kuvuta ncha nne, maana huo ukiujua umepata mbwa, dubu, chura na kima kwa mpigo, tofauti yao ni namna unavyowakalisha. Tandaza taulo la kuogea. Viringisha kutoka kila ncha fupi mpaka mabomba yakutane katikati. Kunja katikati, safari hii mabomba yawe nje. Utaona upande mmoja vichwa vinne vya mabomba vimekaa pamoja. Ndani ya kila kimoja, kwenye kitovu chake, kuna pembe ya taulo imejificha. Ingiza kidole, itoe kidogo. Zote nne. Shika mbili mkono huu, mbili mkono ule, kaza, halafu vuta kama unafungua pazia.

Sitakuambia kitakachotokea. Nina miaka kumi na sita na bado nikivuta natabasamu.

---

Karatasi_Tu

Namuunga mkono Bi_Mashuka, na niongeze jambo kwa ndugu yetu wa plasta, kwa sababu mimi nilianguka shimo hilohilo nikitokea upande mwingine.

Mimi ni mtu wa kukunja karatasi, miaka mingi. Nilipohamia kwenye taulo nilidhani ni kazi ileile, ila kubwa zaidi. Nikawa napiga mkunjo, naupitishia ukucha, naupiga pasi. Nikigeuka, umepotea. Niliona kama nimeloga kitu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba karatasi hukumbuka mkunjo na taulo halikumbuki. Ukikunja karatasi nyuzi zake zinavunjika pale pale na alama haitoki tena. Taulo la pamba lenye vitanzi ukilipiga mkunjo linatazama kando, linarudi lilivyokuwa. Kwa hiyo kwenye taulo kinachobeba umbo si mkunjo hata kidogo. Ni kuviringisha, na uzito, na ule msuguano aliousema Bi_Mashuka. Nilipoacha kupiga pasi na kuanza kuviringisha, batamaji wangu akainua shingo siku hiyohiyo.

Halafu nimecheka nilipokumbuka kwamba mambo haya ni ya kale. Mwaka 1629 huko Padua, Italia, Mattia Giegher alichapisha maelezo yenye michoro ya kukunja vitambaa vya mezani vikawa wanyama wa kupamba karamu. Yeye kitambaa chake kilikuwa cha kitani. Kitani kikitiwa wanga kinakuwa kama karatasi, unakipiga vifinyo vyembamba vinabaki. Taulo la vitanzi hakuwahi kuliona. Lile lilioneshwa London kwenye Maonyesho Makuu ya mwaka 1851, baada ya Waingereza kuuona ufumaji huo Uturuki na kuuiga kwa mashine. Kwa hiyo yeyote anayetaka kuleta ufundi wa karatasi au wa kitani kwenye taulo anachanganya madarasa.

Na hapana, usitie wanga kwenye taulo. Najua ulikuwa unakaribia kuuliza. Nilijaribu. Alisimama imara mno. Nikaja kujifutia taulo lile, ilikuwa kama kujifuta kwa boksi.

---

Njia_ya_Mkato

Bi_Mashuka nimekubali kosa la pini, hiyo habari ya shavu imenikaa vibaya. Gundi sijakubali, tembo wangu ni wa kwenye rafu, hamfuti mtu.

Ila nina swali moja. Kima wa kuning'inia kwenye henga. Yule ananing'inia kwa mikono, kichwa kiko juu. Usiniambie naye anashikiliwa na vitanzi peke yake.

---

Bi_Mashuka

Umenishika hapo. Kima wa henga ni kibanio. Mikono unaipitisha kwenye henga na kuikunja juu yake, hiyo inakaa yenyewe kama taulo si laini, lakini kichwa kinataka kushikiliwa. Mimi nilikuwa naweka kibanio kimoja cha nguo, cha mbao, kikubwa, cha kuonekana, nyuma ya shingo. Mgeni anakiona, anakitoa, hakuna aliyechomwa. Kitu cha kushikilia kikiwepo kionekane. Pini haionekani, ndiyo ugomvi wangu nayo.

Na yule wa kwenye rafu basi mpe jina, maana taulo tena si taulo.

---

Goti_la_Plasta

Narudi na ripoti.

Mama shikamoo, na ahsante sana. Nimesoma maelezo yako kwa sauti, mke wangu akiwa amekaa pembeni. Ulipofika kwenye dawa ya kulainisha na mataulo kutonyonya maji, alinitazama bila kusema neno, akaenda akaangalia chupa imebaki kiasi gani. Mataulo yamefuliwa mara mbili bila dawa, yameanikwa. Kweli yanakwaruza. Kwa mara ya kwanza nimesikia taulo linashika taulo, ukilifungua linatoa sauti ndogo kama ya kuchana kitambaa, kwa mbali sana.

Nilianza na ncha nne kama ulivyoagiza. Mara ya kwanza nilitoa pembe tatu tu, ya nne sikuipata, nikavuta hivyohivyo, akatoka kitu ambacho mtoto alikitazama akauliza kimegongwa na nini. Mara ya pili nikapata zote nne. Nikavuta. Niseme ukweli nilipiga kelele, mke wangu akaja mbio akidhani nimeanguka tena. Mbwa huyo! Amelala, miguu minne, tumbo. Nikamtengenezea kichwa kwa taulo la mikono nikamkalisha juu ya plasta yangu, na alikaa hapo hadi jioni.

Sasa tembo. Nimefuata kila kitu. Kichwa cha 50 kwa 70, mgongo nimeuachia sentimita 20, nimepima kwa rula. Vidole vyote kumi, vuta sukuma. Kichwa kikaketi, nikarudisha vidole viwili, nikarudisha vingine viwili kwa woga. Akasimama. Nikahesabu, kumi, ishirini, sitini. Nikachukua simu nipige picha.

Akaanguka!

Lakini safari hii hakuanguka mbele. Aliangukia upande wangu. Nikamsimamisha, akasimama vizuri. Nikajisogeza niegemee mto, akaanguka tena upande wangu. Nikamsimamisha. Nikakohoa. Unajua tena.

Nikakaa nikafikiri, muda ninao. Kumbe ni godoro. Mimi nina uzito wangu na plasta ina wa kwake, nikikaa godoro linazama, na tembo yuko kwenye mteremko bila kujua. Kila nikijigusa mteremko unabadilika. Siku zote kumi na moja nilikuwa namlaumu tembo kwa kuanguka kwenye mlima nilioutengeneza mwenyewe kwa makalio yangu. Nimechukua trei pana ninayoletewa chakula, nimeiweka juu ya kiti kando ya kitanda, nikamhamishia huko. Sasa ni saa ya nne amesimama. Nimekohoa nitakavyo.

Swali dogo lililobaki. Mkonga ulikuwa unaangalia juu asubuhi, sasa hivi umeshuka, anaonekana kama ana huzuni. Hilo nalo ni taulo au ni mkono wangu?

---

Bi_Mashuka

Marahaba mwanangu. Umenifundisha kitu na wewe. Godoro sikulitaja kwa sababu sikuwahi kulifikiria. Mimi miaka yote nilimweka tembo juu ya kitanda ambacho hakuna mtu, shuka imevutwa na kuchomekwa mpaka ukitupa kitu kinaruka. Nikimaliza natoka nafunga mlango. Sikuwahi kulala na tembo.

Mkonga ni mkono wako. Umeukunja ukiwa umeshaumaliza, yaani uliviringisha kwanza kisha ukaupinda juu kwa nguvu. Utarudi tu. Ukiviringisha ile ncha, upande mmoja ukaze kuliko mwingine, kidogo, utaona mkonga wenyewe unaanza kujipinda kabla hujaugusa. Ukishaona unaelekea wapi, mgeuze kichwa ili uelekee juu. Yaani unaufuata, huuamrishi.

Na kama hauna subira, chomeka kitaulo kidogo cha uso kilichokunjwa chini ya kidevu. Hakionekani kwa mbele. Hiyo si pini, ni taulo juu ya taulo, naruhusu.

---

Karatasi_Tu

Hiyo ya kukaza upande mmoja nimeijaribu sasa hivi kwenye shingo ya batamaji. Imekubali. Naomba radhi kwa miaka niliyokuwa naiegemeza kwenye taa.

---

Goti_la_Plasta

Habari za jioni wote. Huyu siye mwenye akaunti, ni mke wake. Amelala, simu iko wazi, nimesoma yote.

Bi_Mashuka, shikamoo mama, na ahsante kwa kumshughulisha mume wangu, wiki mbili hizi hajaniita kila dakika tano kama mwanzo. Dawa ya kulainisha nimeiacha, na ni kweli mataulo sasa yananyonya maji.

Shida yangu ni moja. Leo nimetoka kuoga nikiwa nachuruzika maji, nimefungua kabati, hakuna kitu. Kuna tembo kwenye trei, mbwa juu ya meza, chura wawili dirishani, na kuna kitu kinaning'inia kwenye henga nyuma ya mlango kimenishtua mpaka nimepiga yowe. Nilitaka kuvuta pembe moja kama ulivyosema. Akaniambia nisubiri kwanza apige picha, hawa hajawapiga wote. Nikasubiri pale pale, naloa sakafu.

Mwishowe amenipa kitaulo kimoja cha uso. Nimejifutia hicho. Sasa hivi ndiyo naona hapa kwamba hicho ndicho kilichokuwa chini ya kidevu, na nikimtazama tembo, mkonga umeshuka tena. Kesho akiamka mtaniambia nimwambie nini?

---

Njia_ya_Mkato

Dada, pini mbili.